Kasi Iliyoandikwa Kwenye Boksi la RAM: Yampasayo Mnunuzi Kuyajua

Mnunuzi anayekwenda dukani kutafuta RAM ya kompyuta ya mezani hukuta boksi lenye maandishi ya namna hii: DDR4-3600, CL18, 1.35V. Bei nayo mara nyingi hupanda kadiri namba ya kwanza inavyokuwa kubwa na ya pili inavyokuwa ndogo. Wengi hulipa wakiamini kwamba RAM hiyo ikishachomekwa, kompyuta itafanya kazi kwa kasi ya 3600. Sivyo ilivyo. Kasi hiyo ni ahadi yenye masharti, na aghalabu masharti yake hayaelezwi mahali pa kuonekana.

Katika makala haya tunaeleza maana ya namba hizo, sababu ya kompyuta kutozifuata yenyewe, faida anayoweza kuipata mtumiaji akizifikia, na hasara inayoweza kumkuta akizilazimisha. Mafundi huita kazi hii ovakloki; sisi tutaiita kuvusha kasi, yaani kuiendesha RAM kwa kasi iliyo juu ya kiwango sanifu.

Namba mbili, maana mbili

RAM ni mahali ambapo kompyuta huweka kazi inayoendelea kwa wakati huo. Namba 3600 ina maana kwamba RAM inaweza kuhamisha data mara milioni 3,600 kwa sekunde. Kila mhamisho katika njia moja hubeba biti 64, sawa na baiti 8. Kwa hiyo RAM ya kasi ya 3200 hupitisha, kwa hesabu ya juu kabisa, megabaiti 25,600 kwa sekunde. Zikiwekwa RAM mbili kwenye njia mbili, kiasi hicho huwa maradufu.

Wauzaji wengi huandika namba hiyo kwa megahezi. Kwa kweli saa ya RAM ya 3600 hupiga kwa megahezi 1,800, nayo data huhamishwa mara mbili katika kila pigo. Mnunuzi akifungua programu ya vipimo akaona 1800, asidhani ameibiwa; azidishe kwa mbili.

Namba ya pili, CL, ni muda wa kusubiri. Tufikirie masijala ya ofisi ya serikali, yenye karani mmoja na majalada mengi. Ili akusomee neno moja, karani hana budi kwanza kulifungua jalada linalohusika, kisha aupitishe mkono mpaka kwenye mstari unaotakiwa. Ukimwomba neno lililo katika jalada jingine, itambidi alifunge la kwanza kabla ya kulifungua la pili. RAM nayo imepangwa kwa safu na nguzo, na kila tendo lina muda wake. Lebo ikisomeka 16-18-18-38, namba ya kwanza ni muda wa kuufikia mstari katika jalada lililokwisha kufunguliwa, ya pili ni muda wa kulifungua jalada, ya tatu ni muda wa kulifunga, na ya nne ni muda wa chini ambao jalada sharti libaki wazi kabla ya kufungwa.

Muda huo huhesabiwa kwa mapigo ya saa, wala si kwa sekunde. Ndiyo maana CL peke yake haitoshi kulinganisha RAM mbili. Zidisha CL kwa 2,000, kisha gawanya kwa kasi iliyoandikwa. Jibu ni nanosekunde:

- DDR4-3200 CL22: nanosekunde 13.75
- DDR4-3200 CL16: nanosekunde 10
- DDR4-3600 CL18: nanosekunde 10
- DDR5-4800 CL40: nanosekunde 16.7 hivi
- DDR5-6000 CL30: nanosekunde 10

Mnunuzi ataona kwamba RAM tatu kati ya hizo zina muda uleule wa kusubiri ingawa lebo zake zinatofautiana sana. Zinapotofautiana ni katika wingi wa data zinazoweza kuipitisha kwa sekunde moja. Hesabu hii ndogo, inayowezekana kwa simu ya mkononi mbele ya meza ya muuzaji, humwokoa mtu kulipia namba kwa ukubwa wake tu.

Kwa nini kompyuta haifuati lebo

Viwango sanifu vya RAM huwekwa na JEDEC, chombo kinachounganisha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki. Kiwango cha DDR4 hutumia volti 1.2 na hufika kasi ya 3200. DDR5 hutumia volti 1.1. Kila RAM hubeba chipu ndogo yenye kumbukumbu ya vipimo vyake, na kompyuta inapowashwa huisoma chipu hiyo na kuchagua vipimo vya kiwango sanifu. Kwa RAM nyingi za DDR4 zinazouzwa kwa lebo ya 3600, kompyuta huanza kwa 2133, 2400 au 2666.

Kasi ya 3600 imehifadhiwa katika chipu hiyohiyo kama orodha ya pili ya vipimo. Orodha hiyo huitwa XMP katika mfumo wa Intel na EXPO katika mfumo wa AMD. Haitumiki mpaka mwenye kompyuta aingie katika BIOS na kuiwasha kwa hiari yake. RAM nyingi za DDR4 zikiwashwa hivyo hupanda kutoka volti 1.2 hadi 1.35. Huko tayari ni kuvusha kasi, hata kama kumefanywa kwa kubonyeza mara moja.

Jambo hili limewahi kufikishwa mahakamani. Nchini Marekani, wanunuzi waliishtaki kampuni ya Corsair wakidai kwamba kasi zilizotangazwa kwenye maboksi hazikupatikana bila ya kubadili mipangilio ya kompyuta. Mwaka 2025 kampuni hiyo, bila ya kukiri kosa, ilikubali kumaliza shauri kwa dola milioni 5.5. Funzo kwa mnunuzi wa hapa kwetu ni kwamba swali la kuuliza dukani si "RAM hii ina kasi gani?" pekee, bali pia "Itafanya kazi kwa kasi gani ndani ya kompyuta yangu?"

Je, kompyuta yako inaruhusu?

Kompyuta nyingi zinazouzwa nchini ni za mezani zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo. Mashine za aina hiyo kwa kawaida hazina sehemu ya XMP katika BIOS zake. RAM ya 3600 ikiwekwa humo itafanya kazi, lakini kwa kasi ya kiwango sanifu, sawa na RAM ya bei nafuu iliyokuwa kando yake dukani. Nyongeza ya bei itakuwa imepotea bure.

Hali ni hiyohiyo kwa kompyuta mpakato zilizo nyingi, na baadhi zina RAM iliyolehemiwa kwenye ubao, isiyoweza kubadilishwa kabisa. Hata ubao mama mpya si lazima uruhusu: kwa mfano, bao zenye chipuseti za Intel H510 na H610 haziruhusu kuvusha kasi ya RAM.

Yapo mambo mengine mawili ya kuangalia. La kwanza, RAM za kasi tofauti zikiwekwa pamoja, zote hufuata iliyo ya polepole. La pili, RAM nne huelemea zaidi kuliko mbili. AMD, katika vipimo vyake vya prosesa za Ryzen 7000, inaahidi kasi ya 5200 kwa RAM mbili, lakini 3600 tu kwa RAM nne. Anayetaka gigabaiti 32 afadhali anunue mbili za 16, zilizofungwa katika boksi moja na kupimwa pamoja, kuliko nne za 8.

Faida yake ni kiasi gani?

Tuseme wazi: kwa mtu anayeandika barua, kusoma mtandaoni, kutunza hesabu za duka au kutazama filamu, tofauti ni vigumu kuihisi. Wanaonufaika zaidi ni wale ambao kompyuta zao hazina kadi ya michoro, kwa sababu hapo prosesa hutumia RAM hiyohiyo kuchora picha. Pia wachezaji wa baadhi ya gemu, na wanaofanya kazi nzito kama kubana mafaili makubwa.

Kabla ya kutafuta kasi, mnunuzi aangalie kama RAM aliyonayo inamtosha kwa ukubwa. Ikijaa, kompyuta hulazimika kutumia diski kama mahali pa kazi. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa kuifikia data, na milisekunde moja ni nanosekunde milioni moja. Anayehangaika kupunguza muda kutoka nanosekunde 14 hadi 10, huku RAM yake ya gigabaiti 8 imejaa kila siku, anaokota sarafu akiacha noti. Vilevile mwenye RAM moja tu, ambaye kompyuta yake ina njia mbili, atapata zaidi kwa kuongeza ya pili inayofanana nayo kuliko kuivusha kasi ile moja.

Kosa lisilopiga kelele

Wengi hudhani kwamba RAM iliyolazimishwa kupita uwezo wake itaonekana mara moja: kompyuta itakataa kuwaka au itajizima. Hilo hutokea, na kwa hakika ndilo jambo jema kuliko yote, kwa maana mtu hujua kuna tatizo. Lililo baya zaidi ni kosa la kimya.

Ndani ya RAM, kila biti ni chaji ndogo mno ya umeme, nayo huvuja. Kwa sababu hiyo RAM hujaza upya chaji zake zote bila kukoma. Kwa DDR4, katika hali ya kawaida, kila milisekunde 64. Joto huongeza uvujaji. Kasi ikizidi, au muda wa kusubiri ukifupishwa mno, biti yaweza kusomwa kabla haijatulia, na moja ikasomeka sufuri.

Tuchukue mfano wa mwenye duka anayetunza hesabu zake katika kompyuta. Namba nzima 5,000, iliyohifadhiwa kwa mfumo wa sufuri na moja, ikipinduka biti moja tu, ile yenye thamani ya 4,096, husomeka 904. Hakuna king'ora kitakacholia, wala skrini haitageuka rangi. Faili huhifadhiwa likiwa na kosa, na kesho yake nakala ya akiba huchukuliwa kutoka katika faili hilohilo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; hapa daftari lipo, ila lenyewe ndilo linalosema uongo. Picha za harusi za mteja wa studio na tasnifu ya mwanafunzi zaweza kuharibika kwa njia hiyohiyo.

RAM za kawaida za kompyuta za nyumbani hazina ukaguzi wa makosa kama za seva. DDR5 ina kinga ndani ya chipu zake, lakini kinga hiyo haiikagui data ikiwa njiani kwenda kwenye prosesa, na huko ndiko kasi kubwa inakoleta matatizo mengi.

Ipo pia hatari kwa vifaa vyenyewe. Mwaka 2023 zilitokea taarifa za prosesa za Ryzen 7000 kuungua pamoja na soketi zake katika kompyuta zilizovushwa kasi. AMD ilitoa marekebisho ya BIOS yaliyoweka kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu ya prosesa inayohudumia RAM, kwa kuwa baadhi ya bao zilikuwa zikiipandisha zaidi ya hapo.

Na waranti? Intel inaonya kwamba kubadili kasi au volti kunaweza kubatilisha waranti ya prosesa. AMD inasema kuendesha nje ya vipimo ilivyovitangaza kunaibatilisha, hata kama kumefanywa kwa nyenzo zake yenyewe. Hivyo yawezekana mtengenezaji wa RAM akaitambua kasi iliyo kwenye boksi lake, huku mtengenezaji wa prosesa akikataa dai lako kwa sababu ya kasi hiyohiyo. Soma waranti zote mbili kabla ya kuamua.

Ukiamua kuvusha kasi

Anayeona faida yake na kuikubali hatari yake, afuate utaratibu huu:

1. Nakili mafaili yote muhimu kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Isirudishwe mpaka vipimo viishe.

2. Angalia kama ubao wako una toleo jipya la BIOS. Usiliweke bila ya kuwa na UPS, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao waweza kufa.

3. Piga picha ya mipangilio iliyopo. Kwa kompyuta nyingi huingia katika BIOS kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu inapowaka. Washa XMP au EXPO, hifadhi, na acha iwake upya. Kompyuta za DDR5 zaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza. Usikate umeme kwa haraka.

4. Hakikisha kasi. Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, kisha uchague kumbukumbu.

5. Pima. Programu ya MemTest86 hupatikana bila malipo, huwekwa kwenye flashi na huendeshwa kabla ya Windows kuwaka. Acha imalize mizunguko yote minne, hata ikichukua saa nyingi. Pima tena mchana wa joto, si usiku wa baridi tu. Kompyuta iliyofaulu alfajiri yaweza kushindwa saa nane mchana katika chumba kisicho na kipoza hewa cha Dar es Salaam au Tanga. Kosa moja ni kufeli. Hakuna idadi ya makosa inayovumilika.

6. Ikifeli, shusha kasi hatua moja moja, mathalani kutoka 3600 hadi 3400 au 3200, na upime upya. Usikimbilie kuongeza volti.

7. Kompyuta ikikataa kabisa kuwaka, chomoa waya wa umeme, ondoa betri ya mviringo iliyo kwenye ubao kwa dakika chache, kisha uirudishe. Mipangilio itarejea ya kiwandani.

Kupunguza zile namba za kusubiri kwa mkono ni kazi ya hatua inayofuata, nayo inataka subira zaidi. Badili namba moja tu kwa wakati mmoja, kwa hatua moja tu, na upime kila mara. Anayebadili tano kwa pamoja hatajua ni ipi iliyomkosesha. Kama baada ya saa kumi za kupima huoni tofauti katika kazi zako, rudisha ulivyokuta. Hujapoteza kitu.

Mbele ya muuzaji na fundi

Kabla ya kulipa, mtajie muuzaji aina kamili ya ubao na prosesa yako, na umwombe aandike kwenye risiti namba kamili ya modeli ya RAM, si "RAM 16GB" tu. Dai risiti ya EFD na masharti ya waranti kwa maandishi. Muuzaji akikuhakikishia kwamba kasi ya boksi itapatikana katika kompyuta yako, aandike hilo pia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji katika biashara, na neno lililoandikwa ni rahisi kulithibitisha kuliko lililosemwa.

Anayenunua kompyuta iliyokwisha kuvushwa kasi, hususani zile zinazotangazwa kuwa za gemu, aombe kuonyeshwa mipangilio ya BIOS na matokeo ya kipimo cha RAM. Fundi anayeahidi kuifanya mashine yako iwe nyepesi kwa kuvusha kasi naye aulizwe mambo matatu: atabadili nini, atapima kwa saa ngapi, na nani atawajibika mafaili yakiharibika. Akikosa jibu la swali la tatu, chukua kompyuta yako.

Kuvusha kasi ya RAM si kosa wala si ulaghai. Ni haki ya mwenye mali kuitumia mali yake apendavyo. Tunachomsihi mnunuzi ni kwamba asilipie kasi ambayo kompyuta yake haiwezi kuitumia, na asiikubali kasi ambayo hajaipima. RAM inayofanya kazi kwa 3200 bila ya kosa hata moja ina manufaa kuliko ya 3600 inayokosea mara moja kwa wiki, kwa sababu hujui ni faili lipi lililokuwa wazi siku hiyo.